Sofa Mbili Ngazini

Mimi kazi yangu ni mgongo.
Nina lori jeupe lenye kutu mlangoni,
kamba nne, mablanketi ya kufunikia vioo,
na Struan, kijana wa Paisley, mwenye vidole vya chuma.

Jumamosi hii mafuta ya mara moja, malipo mawili:
Catriona anarudi Glasgow mjini kutoka Newton Mearns,
na waliomo katika fleti anayohamia,
ghorofa ya tatu, Dennistoun,
wanakwenda huko huko atokako yeye.

Catriona namjua. Miaka sita iliyopita
nilimshusha ngazi hizi hizi, na sofa hii hii ya kijani,
mimba ya miezi minane, hasira za miezi tisa.
"Sitaki tena," alisema, "mlevi anayeimba chini ya dirisha
saa tisa za usiku, wimbo mmoja, nusu yake.
Sitaki visigino vya jirani utosini pangu.
Nataka ukimya. Nataka mlango wangu uguse ardhi."

Leo asubuhi, nikimfungia jokofu kwa kamba:
"Ukimya ule, kaka, ulinila.
Kununua kitunguu kimoja nawasha gari.
Jirani kaniachia barua, ya adabu sana,
kuhusu urefu wa majani yangu. Kwa sentimita.
Nikamkumbuka yule mlevi. Nikatamani kujua
kama alishaujua wimbo wote."

Tulipofika kona ya ghorofa ya pili
tukakutana na sofa nyingine, ya kahawia,
inashuka. Hawakutusubiri.
Mbele yake Euan na kaka yake, jasho tupu,
nyuma Harpreet, mtoto kifuani.
Juu hapapandiki, chini hapashukiki.

"Unarudi *hapa*?" Harpreet aliuliza kwa sauti ya msibani.
"Unakwenda *kule*?" Catriona alijibu kwa sauti hiyo hiyo.
Wakapeana pole.

Kisha pole ikachacha.
Huyu na panya wa uani, na mapipa yaliyofurika,
na baiskeli iliyoibwa likabaki gurudumu moja
limefungwa kwenye nguzo kama mbwa anayemngoja bwana wake.
Yule na barabara zisizo na njia ya miguu,
na basi la kila saa lisilokuja kila saa,
na vijana waliokaa kituoni wakisubiri umri wa leseni.
"Mmejazana kama dagaa koponi!"
"Nanyi mmepangwa kama makaburi, kila mtu na uzio wake!"

Kila mwamba ngoma huivutia kwake, walisema wahenga.
Wahenga hawakuwa wameishika ngoma yenyewe,
kilo themanini, ngazini, vidole vikifa ganzi.

"Wekeni chini," nikasema.
Sofa zikatazamana. Wakakaa,
maana hapakuwa na pengine pa kukaa.
Mirren, binti wa Catriona, akapita juu ya mapaja ya watu,
akasimama kwenye ukingo wa ngazi, akaita: "Huuu!"
Ngazi zikamwitikia mpaka chini.
Akageuka, macho kodo.
Hajawahi kuishi katika nyumba inayojibu.
Mtoto wa Harpreet akaacha kulia, akasikiliza.

"Na wewe," wakaniuliza wote wawili,
kila mmoja akitafuta kura, "unakaa wapi?"
Nikasema nitawaambia nikishatua mzigo.
Nakaa chumba kilicho juu ya duka la matairi,
si mjini, si kiungani,
barabara kuu inapita katikati ya usingizi wangu.
Sijawahi kujihamisha. Nani angeshika upande wa pili?

Mlango wa ghorofa ya pili ukafunguka.
Bi Effie, soksi za sufi, miwani kwenye nywele.
Hakuleta chai wala busara.
Akakagua ukuta. "Mchubuo huu, nani ataupaka rangi?"

Ulikuwa mchubuo wa zamani, wa mguu wa sofa ya kijani,
umefikia bega langu barabara.
Nikajiegemeza pale, nikauziba,
nikasema, "Haya, Struan. Inua."